Mpaka iko wapi, mwalimu?



Mwezi huu tunaacha kidogo mambo ya feza na ya nyumba, tuingie katika kalasi. Barua mbili zimetufikia. Moja ni ya baba mumoja wa kampi, ingine ni ya mwalimu kijana anayefundisha kalasi ya sita. Wote wawili wanalia kilio kimoja. Baba anaandika: "Mutoto wangu anaimba 1885, 1891, 1906, 1960 sawa wimbo, lakini ukimuuliza nini ilitokea hapa kwetu, anakutazama tu." Mwalimu naye anasema watoto wake wanalala katika saa ya historia, na yeye mwenyewe karibu alale pamoja nao.

Mimi siwacheki. Nimefundisha miaka zaidi ya 30, na katika ile miaka ya kwanza nilifanya vile vile: kuandika tarehe kwa tablo, watoto wanaandika katika kaye, kesho wanazirudisha, kesho kutwa wamesahau. Siku moja, nilipokuwa nafundisha Kipushi, niliuliza kalasi yote: "Mpaka wa Congo na Zambia iko wapi?"

"Iko ku Kasumbalesa, mwalimu, kule kwenye makamyo."

"Hapana, iko pale askari anasimama na kamba."

"Na kama askari analala?"

Wakacheka. Lakini hakuna hata mumoja aliyejibu. Na Kipushi, ninyi mnaoijua, mpaka unapita pale pale kando ya mji. Mutoto anaweza kwenda nao kwa miguu na kurudi mbele chai haijapoa. Watoto waliozaliwa juu ya mpaka hawakujua mpaka ni kitu gani, wala nani aliuweka, wala kwa nini uliwekwa pale. Basi nikaona kama kosa ni langu, haiko la watoto.

Kesho yake niliwatuma kuleta udongo wa kichuguu. Kila mutoto mfuko mumoja. Tulisukuma viti kando, tukamwaga ule udongo katikati ya kalasi, tukaulowesha na kuukanda kama unga wa bukari mpaka ukashikana. Kisha tukajenga nchi. Mgongo mrefu unapita katikati, upande huu mabonde yetu, upande ule mabonde ya Zambia. Nilikuwa na karte moja ya zamani iliyopasuka, na watoto watatu walikuwa na kazi ya kuitazama na kuwaamuru wengine: "Inua hapa! Punguza pale!" Wale watatu walikuwa ni wale wanaosumbua kila siku. Siku ile hawakusumbua, shauri ya kazi ya kuamuru wengine inawafaa sana watu wa namna ile.

Kisha nikachukua chupa yenye kifuniko kilichotobolewa matundu madogo, nikamwita binti mumoja, nikamwambia: "Nyeshesha mvua." Akanyesha juu ya mgongo. Kalasi yote ilinyamaza. Maji yakagawanyika. Mengine yakashuka upande huu, mengine yakashuka upande ule, na hayakukutana tena.

"Mwalimu, ile mayi inaenda wapi?"

Hapo ndipo historia ilianza. Tulifuata maji kwa kidole. Mto Lubumbashi unaingia katika Kafubu. Kafubu inaingia katika Luapula. Luapula inaingia katika ziwa Mweru, inatoka kule kwa jina la Luvua, inakutana na Lualaba, na ile Lualaba ndiyo inayokuwa mto Congo wenyewe mpaka bahari ya Atlantiki, kule Banana. Upande wa pili wa mgongo, mto Kafue unaanza karibu sana na mpaka, unapita katika nchi ya migodi ya Zambia, unaingia katika Zambezi, na Zambezi inamwaga maji yake Msumbiji, katika bahari ya Hindi. Matone mawili ya mvua yanaanguka hatua chache moja kwa ingine, na yanafika katika bahari mbili mbalimbali.

Nikawapa kamba nyekundu na kuwaambia: "Wekeni kamba pale maji yanapogawanyika." Wakaiweka. "Sasa mmeweka mpaka. Waingereza na mfalme Leopold II wa Ubelgiji waliandika hivyo katika mapatano yao ya tarehe 12 Mei 1894: mpaka ufuate Luapula, na kisha ufuate mgongo unaogawa maji ya Congo na maji ya Zambezi." Watu wa kwenda kuutafuta ule mgongo kwa macho na kwa vyombo vya kupimia walikuja nyuma. Kazi yao ilifanyika toka 1911 mpaka 1914, Waingereza na Wabelgiji pamoja, wakitembea porini na kuweka alama. Miaka 20 mpaka ulikuwa mustari tu juu ya karatasi ya wakubwa ambao hawakujua mgongo wenyewe unapita wapi.

Mutoto mumoja akauliza: "Na watu waliokuwa wanakaa pale juu ya kamba?" Hili ni ulizo ambalo halimo katika kitabu cha masomo. Walamba wako huku na huko mpaka leo. Waaushi na Walala vile vile. Kamba ilipita katikati ya mashamba na makaburi yao, na hakuna aliyewauliza.

Tena ile kamba ina kitu cha ajabu ambacho watoto wanakipenda: ule mguu wa nchi yetu unaoingia ndani ya Zambia, toka Sakania kwenda mashariki, kama mutu ametia mguu wake katika nyumba ya jirani. Kwa sababu mpaka unafuata Luapula upande mumoja na mgongo wa maji upande wa pili, ile sehemu ya katikati ilibaki kwetu. Fanyeni hivi: chora Zambia kwa chaki chini ya kiwanja, mutoto mumoja asimame Mufulira, mwingine Mansa. Waambie watembeleane bila kukanyaga Congo. Watazunguka mpaka wachoke. Kisha waruhusu kukata katikati ya mguu, na uhesabu hatua. Ndiyo sababu Wazambia wengi wanapita barabara ya kwetu kwa kwenda katika mji wao wenyewe, na daraja la Chembe juu ya Luapula, lililofunguliwa mwaka 2008, lilipokewa kwa furaha. Mutoto aliyekwisha kuzunguka hivyo kwa miguu yake hawezi kusahau.

Nije sasa kwa shaba, maana wengi wenu mtaniuliza: mwalimu wa nchi ya migodi, na hasemi juu ya shaba?

Mbele ya kompani yoyote, mbele ya mashini yoyote, wazee wa nchi hii walikuwa wanayeyusha shaba. Walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Askofu de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926, na aliwaita kwa jina ambalo wazee bado wanalikumbuka: wakula-shaba. Shaba ile walimwaga katika alama iliyochimbwa kama msalaba. Mwaka 1957 wataalamu walianza kufukua makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta ile misalaba imewekwa pamoja na wafu, mingine mikononi mwao. Na waliona jambo moja: misalaba ya zamani ni mikubwa na michache katika kaburi. Kadiri miaka ilivyopita, misalaba ikawa midogo na mingi. Maana yake ni kwamba ilikuwa imekuwa feza.

Katika kalasi usijaribu kuyeyusha kitu. Tumia udongo. Watoto wachimbe alama ya msalaba katika mchanga uliolowa, wajaze udongo, waache ukauke siku mbili. Nusu ya kalasi ifanye misalaba mikubwa kama kiganja, nusu ingine ifanye midogo kama kidole. Kisha fungua soko: huyu anauza chumvi, huyu dagaa, huyu jembe, huyu kitambaa. Siku ya kwanza tumia misalaba mikubwa tu. Utaona mashaka yao! Mwenye kutaka chumvi kidogo hawezi kuvunja msalaba wake, muuzaji naye hana cha kurudisha. Siku ya pili leta midogo, soko linaenda mbio. Watoto wenyewe watakwambia kwa nini misalaba ilikuwa midogo. Mimi sikuwaambia.

Lakini siku ya tatu, vijana wawili wajanja walikuja na misalaba tele waliyotengeneza usiku nyumbani, na bei ya chumvi ikapanda mpaka mbinguni. Nikawaambia: rudini nyumbani mkawaulize wazazi wenu juu ya mwaka 1993, siku ile feza mpya ilipotoka na zaire 1 mpya ikahesabiwa kwa zaire milioni 3 za zamani. Kesho yake walirudi na habari nyingi kuliko nilizozitaka. Mzee mumoja alikuwa amempa mjukuu wake furushi la noti za zamani kusudi tuchezee soko.

(Wale wanaokumbuka bendera ya Katanga ya 1960 mpaka 1963 wataona ile misalaba mitatu, na feza ya shaba ya 1961 pia ilikuwa na msalaba juu yake. Waonyesheni watoto, kama mutu amebaki nayo katika sanduku. Ni kitu cha historia, haiko siasa.)

Hapa inafaa niungame kosa. Mwaka ule wa kwanza niliwaambia watoto: "Yeyote aweze kuleta jiwe la kijani, alilete." Sikufikiri. Vijana wawili waliingia usiku katika karyeri ya kompani moja kwa kutafuta mawe, walinzi wakawafukuza, mumoja akavunjika mkono. Baba yake alikuja kwangu asubuhi, hakupiga kelele, alinionyesha tu ule mkono katika bande. Toka siku ile ninaomba mawe mawili matatu kwa mutu mzima ninayemjua, ninayaweka katika chupa, watoto wanayatazama bila kuyashika. Tuko na watoto wengi wa kutosha wanaoacha kalasi kwa kwenda kuchimba. Mwalimu asiwe yeye wa kuwaonyesha njia.

Sasa Msiri. Vitabu vinampa mistari minne. Nilifanya naye siku tatu.

Mutu huyu alizaliwa katika Wasumbwa, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa anakuja huku kwa biashara ya shaba. Mutoto akaja, akabaki, akapata nguvu kwa bunduki na kwa akili, akajenga mji wake Bunkeya. Watu wake wakaitwa Wayeke. Pembe za tembo, shaba, chumvi, na, tusifiche, watumwa, vilitoka kwake kwenda bahari zote mbili: Angola na pwani ya Zanzibar. Mumoja wa wake zake, Maria de Fonseca, alitoka upande wa Angola. Kiswahili kilifika Bunkeya pamoja na wafanya biashara wa pwani mbele ya Mbelgiji wa kwanza. Wengi katika kalasi walifikiri Kiswahili kililetwa na kompani.

Niliandika vikaratasi, kila kundi likapata kimoja. Juu ya karatasi hakuna maneno ya kusema. Iko tu: wewe ni nani, unataka nini, unaogopa nini. Kundi la Msiri: unataka baruti, hutaki kutia alama katika karatasi usiyoweza kusoma. Kundi la Arnot, mmisionari aliyefika mwaka 1886: unataka kukaa na kufundisha, na unajua kusoma karatasi za Wazungu. Kundi la Sharpe, aliyekuja 1890 kwa upande wa Waingereza: unataka alama ya mfalme, na huna askari wengi. Kundi la machifu wa Wasanga: umechoka na kodi na mateso ya Bunkeya, mwaka 1891 umeasi. Kundi la Stairs, aliyefika Desemba 1891: una bunduki, una bendera ya Leopold. Na kundi la mwisho, ambalo vitabu vinalisahau: wabeba mizigo wa Zanzibar. Umetembea miezi toka pwani, njaa iko Bunkeya, unataka kula na kurudi kwenu mzima.

Kisha nikasema: "Ongeeni." Nikakaa nyuma ya kalasi na kufunga kinywa. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwalimu.

Wale waliokuwa Sharpe walitoa zawadi, wakabembeleza. Wale wa Msiri wakakataa. Wa Arnot wakaulizwa: "Baba, soma hii karatasi, inasema nini kweli kweli?" Na yule kijana aliyekuwa Arnot akasoma ukweli, jambo likaharibika kwa Sharpe. Wasanga walikuwa wanacheka pembeni, wanangoja. Mumoja wa wabeba mizigo akasema kwa sauti: "Miye sitaki bendera, miye nataka bukari!" Kalasi ikaanguka kwa kicheko, lakini nilikiandika kile kicheko katika kaye yangu, kwani wengi wa wale wabeba mizigo walikufa kweli kwa njaa na ugonjwa katika miezi iliyofuata.

Ninawaambia mapema: tunasimama mbele ya tarehe 20 Desemba 1891. Siruhusu mutoto kucheza kifo cha Msiri, wala fimbo kuwa bunduki. Ile sehemu ninaisimulia mwenyewe, polepole: kapiteni Bodson alimpiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa, akafa. Mukanda-Bantu, mutoto wa Msiri, akashika mahali pa baba yake. Stairs mwenyewe hakurudi Ulaya, alikufa mwaka 1892 Chinde, pale pale Zambezi inapomwaga maji katika bahari. Binti mumoja akasimama, akaenda kwenye nchi yetu ya udongo, akatia kidole upande wa pili wa kamba: "Basi alifuata mayi ya upande ule."

Tena waliuliza: "Stairs alikuwa Mbelgiji?" Hapana. Alizaliwa Kanada, alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza, na ndiye aliyepandisha bendera ya Leopold na kuwanyima Waingereza shaba ya Katanga. Kijana aliyekuwa Sharpe alikasirika kabisa, kama vile yeye mwenyewe ameibiwa.

Ninafika sasa kwa jambo ambalo ndilo lililonisukuma kuandika, na ambalo nataka walimu vijana walisome mara mbili.

Nyuma ya Msiri inakuja reli. Toka Rhodesia ilifika Sakania mwaka 1909, ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Septemba 1910. Union Minière ilikuwa imeundwa 1906, na shaba yake ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Kisha inakuja kazi, na kazi inaita watu: toka Rhodesia ya Kaskazini, toka Kasai, toka Maniema, toka Ruanda-Urundi. Kwa somo hili nilikuwa na wazo nililolipenda sana. Kila mutoto alete habari ya namna jamaa yake ilivyofika hapa. Tunatundika karte kwa ukuta, kila mutoto anafunga uzi toka mahali pa babu yake mpaka mji wetu. Ukuta mzima unajaa nyuzi. Nani asingependa?

Kesho yake mama mumoja alinifuata nje ya kalasi. Alinisalimu kwa heshima, akauliza juu ya mke wangu na watoto. Kisha akasema: "Baba mwalimu, unipe ruhusa niseme. Mutoto amesema unataka kujua tunatoka wapi."

"Ndiyo, mama. Ni somo la historia."

"Baba, mara ya mwisho watu waliuliza hili swali mlangoni kwetu, ilikuwa Likasi. Nilikuwa na miaka tisa."

Sikuwa na lazima ya kuuliza mwaka. Wote tunaujua. Toka 1992 mpaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingine, maelfu kwa maelfu. Walilala katika gare wakingoja treni miezi, wengine walikufa pale na njiani. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku, na baba zao pia. Mama huyu alikwenda na treni katika nchi ambayo hakuwa ameiona hata siku moja. Alirudi akiwa mutu mzima, ameolewa.

"Sasa mutoto wangu aweke uzi ukutani," akasema, "ili kila mutu aone. Na siku ingine mutu akija na kusoma ule ukuta?"

Sikuwa na jibu. Nimefundisha miaka mingi, nimejaza vichwa vya watoto tarehe na majina ya mito, na sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba karte yangu nzuri yenye nyuzi ni orodha. Nilimwomba radhi. Siku ile somo halikufanyika. Niliwapa hesabu.

Nilizungumza na direkta na wazazi wengine watatu, mumoja wao mzee wa Kilamba. Yeye naye alikuwa na neno lake: "Mwalimu, ukifuta nyuzi zote na kusema kila mutu ni mugeni, utakuwa umetufuta siye. Siye tulikuwa hapa." Ni kweli. Walamba, Wasanga, Wakaonde walikuwa katika nchi hii mbele ya Bunkeya na mbele ya reli, na mutoto wao ana haki ya kusikia hivyo katika kalasi. Yule mama naye ana haki. Mwalimu anasimama katikati, kama ile kamba nyekundu juu ya udongo.

Basi tukafanya namna hii, na toka wakati ule sijabadilisha. Hakuna nyuzi. Hakuna mutoto anayeulizwa kabila wala mahali pa asili. Kila mutoto analeta kitu kimoja cha zamani cha nyumbani, na kukiweka juu ya meza. Akitaka kukisemea, anasema. Asipotaka, anakiweka tu, na kalasi inakitazama. Wengine wanaweza kuuliza juu ya kile kitu: kilifanya kazi gani, kilitengenezwa na nini, nani alikishika. Hawaulizi juu ya mutu. Kila jioni kitu kinarudi nyumbani, hakilali katika masomo, wala jina haliandikwi.

Waliniletea vitu ambavyo sikuviwaza. Taa ya mgodini ya babu. Kijeton cha chuma chenye namba ambacho kompani ilikuwa inawapa wafanyakazi. Kinu kilichopasuka. Jembe la zamani, zito kweli, ambalo lilitoka kwa yule mzee wa Kilamba, na mjukuu wake alisema tu: "Hili lilikuwa hapa hapa." Chetezo. Barua ya kazi ya mwaka 1948. Kitambaa cha harusi.

Mutoto wa yule mama alileta kifuniko cha sufuria. Alikiweka mwisho wa meza. Rafiki yake akauliza: "Na sufuria yake?"

"Ilibaki gare."

Hakusema zaidi, na hakuna aliyemlazimisha. Mzee wa Kilamba alikuwa amekuja siku ile kutazama jembe lake, amekaa nyuma juu ya kiti cha watoto. Aliinuka, akaenda mpaka mwisho wa meza, akakigeuza kile kifuniko mikononi, akakirudisha. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mwaka ule jirani zake wa mlango wa pili waliondoka usiku, na kwamba hakutoka nje kuwaaga. Sikumwuliza kwa nini.

Kwa mwalimu kijana aliyeandika, naongeza haya machache. Usianze na vyote. Anza na udongo na maji, shauri hakuna anayeumia, na hata direkta mkali atapita kutazama. Kama mko watoto 60 katika kalasi, gawa makundi sita, kila kundi nchi yake juu ya mbao au juu ya gunia, wengine wafanye nje. Tarehe zisitupwe: mtihani unazitaka, na mutoto asiyejua tarehe anachanganya Stairs na reli. Lakini ziandike nyuma ya mchezo, haiko mbele. Wangu walikuwa wanaziandika kwa makala juu ya vipande vya karatasi na kuvichomeka katika udongo, kila mwaka mahali pake. Inspekta alipokuja alikuta nchi yote imejaa vibendera na akauliza kama tunacheza. Nikamwomba aulize watoto chochote. Aliuliza dakika 20, na mwisho alikuwa amepiga magoti chini pamoja nao, suruali imechafuka, anatafuta Sakania.

Kwa baba wa kampi: usimwulize tena mutoto tarehe. Jumapili hii tembea naye mpaka mto ulio karibu, mwulize yale maji yanaingia wapi. Kama wewe mwenyewe hujui, ulizeni pamoja kwa mzee anayevua samaki pale. Na kama una kitu cha zamani ndani ya sanduku, kitoe wewe kwanza, mbele mwalimu hajakiomba.

Mvua zinaanza karibu Novemba. Chupa hazitahitajika tena. Toeni nchi zenu za udongo nje, ziacheni usiku mumoja kiwanjani, asubuhi watoto waende kutazama mabonde gani mapya yamejichimba yenyewe, na kamba iko wapi.